Kiti cha HR: cheo au kona?

Kuna hoja naisikia kila siku, eti wanawake wanalalamika nini wakati HR, yaani rasilimali watu, yote wameshika wao. Na kweli, ndio idara ambayo ukikuta bosi ni mwanamke hushangai. Ila kiangalie hicho kiti chenyewe. Kikao cha kupunguza wafanyakazi wanakaa watu wa fedha na wa uendeshaji, majina yanapangwa, halafu dada wa HR anaitwa mwishoni kabisa anapewa listi, barua ziwe tayari Ijumaa. Hajakata jina hata moja lakini Jumatatu akiingia kwenye chumba cha chai watu wote kimya.

Wanaopinga mtu wa HR kupewa ukurugenzi mtendaji wana pointi, tusiwaonee. Wanasema mkurugenzi mtendaji anatafutwa pale pesa inapoingia, mauzo, fedha, uzalishaji, na mtu wa HR hajawahi kubeba faida na hasara. Sawa, mbona Leena Nair alitoka kuongoza HR ya Unilever akaenda kuongoza kampuni ya mitindo ya Chanel, 2022? Mary Barra naye alipita HR kabla ya kushika kampuni ya magari ya General Motors 2014, japo tuseme ukweli, yule ni injinia na viwanda alishasimamia, kwa hiyo mfano wake unawasaidia na wao.

Mimi kinachonisumbua ni namba moja ya McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, na LeanIn, shirika la kutetea wanawake kazini, kuhusu makampuni ya Marekani. 2018, kwa kila wanaume 100 waliopanda kutoka mfanyakazi wa kawaida kuwa meneja, wanawake walikuwa 79. 2024 wakawa 81. Yaani miaka sita, semina zote zile na mabango ya Machi 8, wameongezeka wawili! Na hii ni ngazi ya kwanza kabisa, sio ya bodi, wale 19 waliokosekana hapo ndio hao hao unaambiwa baadaye "tumetafuta mwanamke mwenye sifa hatujampata", utampataje na hukumpandisha akiwa na miaka 28? Norwe waliweka sheria ya asilimia 40 kwenye bodi na bodi zikajaa kweli, ila sheria ya bodi haigusi huku chini.

Utasema si HR ndio wanapandisha watu vyeo, wajipendelee basi. Wapi. Anayependekeza ni meneja wa idara husika, fomu ikifika mezani kwa yule dada jina lishajazwa na sahihi ipo, kwake imebaki kuiweka kwenye faili.