Trekta likipinduka, tumlaumu dereva au chuma?

Msimu wa kulima ukianza Karatu na Monduli, ubishi ni uleule. Wenye matrekta wanasema ajali inaletwa na dereva asiye na mafunzo. Madereva wanasema wanapewa trekta bovu, shamba la mteremko, na malipo ya kwa ekari yanayowalazimisha kukimbizana na jua.

Wenye matrekta wana hoja. Chukua breki. Trekta lina pedali mbili, moja ya tairi la kushoto na nyingine ya kulia, ili likate kona kali shambani. Kabla ya kuingia barabarani zinatakiwa kufungwa pamoja. Dereva akisahau, akaja kukanyaga moja tu kwenye mteremko wa Mto wa Mbu akiwa na trela la mahindi, tairi la upande mmoja linashika na trekta linageuka ghafla. Hapo huwezi kusingizia chuma.

Lakini angalia kazi ya kung'oa kisiki kwa trekta. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma badala ya chini kwenye ndoano ya kuvutia, kisiki kikigoma trekta linanyanyuka mbele, na kwa kama sekunde moja na nusu limeshamlalia dereva. Muda huo hata dereva mwenye uzoefu wa miaka 20 hauwahi. Na kwenye mashine ya kupukuchulia mahindi, shafti inayotoka nyuma ya trekta huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikidaka ncha ya kanga au koti, kuzima injini ni kuchelewa. Kifuniko chake cha plastiki kikivunjika, wengi wanaendelea na kazi bila kuweka kingine.

Ndiyo maana naegemea chuma kwanza. Sweden ililazimisha fremu ya kumkinga dereva kwenye matrekta mapya tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Kwetu wengi wanaona kile kivuli cha bati kwenye mabomba membamba wanadhani ni kinga. Kile ni cha jua tu. Fremu nayo inataka mkanda. Bila mkanda dereva anaweza kurushwa nje, fremu yenyewe ikamponda. Na mkanda bila fremu ni hatari zaidi, unamfunga chini ya trekta.

Wenye mashamba ya kahawa watasema fremu inagonga matawi, na kweli inagonga. Zipo za kukunja. Gharama ndiyo hoja ngumu, ila kuchomelesha mabomba kwa fundi yeyote wa mtaani si jibu, maana fremu isiyopimwa haijulikani itabeba uzito gani. CAMARTEC ipo hapa Arusha kwa ajili ya zana za kilimo. Waanzie kuuliza huko. Tena Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambebesha mwajiri jukumu la kutoa mashine salama, si dereva.

Utingo anayedandia madigadi ni suala jingine. Hana kiti wala mkanda, fremu haimsaidii kitu. Hapo nawaunga mkono wenye matrekta: dereva ndiye wa kumshusha.