Pokémon Scarlet na Violet: Walioipenda Hawakuwa Vipofu

Tangu Pokémon Scarlet na Pokémon Violet, matoleo mawili ya gemu moja ya kukamata na kupambanisha viumbe, zitoke tarehe 18 Novemba 2022, wachezaji wamegawanyika na hawajapatana hadi leo. Kuna wanaosema ni gemu iliyouzwa kabla haijaiva, na kuna wanaosema ni safari tamu kuliko zote ambazo mfululizo huu umewahi kutoa kwenye Switch, mashine ya gemu ya Nintendo. Kwa kuwa ubovu wake unaonekana hata kwenye video ya sekunde kumi, na uzuri wake unahitaji saa nyingi za kucheza, kundi la pili limekuwa likibezwa kama mashabiki wanaomeza chochote wanachopewa na Game Freak, kampuni inayozitengeneza. Hilo sikubaliani nalo hata kidogo.

Kasoro zenyewe hazina ubishi. Gemu ililenga fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, na mara nyingi haikuzifikia. Ukiingia ziwa la Casseroya picha inaanza kukatakata. Watu wanaotembea hatua chache mbele yako wanasogea kwa vishindo, mguu hewani, kisha mguu chini, bila mwendo wa katikati. Vinu vya upepo kwa mbali vinazunguka kwa kurukaruka. Pambana na Pokémon kwenye mteremko, na kamera inaweza kuzama ardhini ukaona utupu chini ya dunia nzima. Wiki mbili baada ya gemu kutoka lilikuja sasisho 1.1.0, likiambatana na maelezo ya Nintendo kwamba inafahamu matatizo hayo na inaomba radhi, jambo ambalo si la kawaida kwao. Wahakiki nao waliipa wastani wa sabini na ushee kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, chini ya Pokémon Sword na Shield za 2019 na chini ya Pokémon Legends: Arceus iliyotoka Januari 2022.

Kisha ikaja ile namba. Nintendo ilitangaza kwamba ndani ya siku tatu za mwanzo gemu hii imeuza zaidi ya nakala milioni 10 duniani, milioni 4.05 zikiwa Japani peke yake. Hadi wakati huo hakuna gemu iliyokuwa imewahi kuuza hivyo kwa siku tatu kwenye mashine yoyote ya Nintendo. Kwa wakosoaji, namba hiyo ndiyo kidonda chenyewe: kama kitu kibovu kinauza hivi, nani atahangaika kutengeneza kizuri?

Hoja hiyo ina uzito, lakini naona namba inabebeshwa mzigo usio wake. Mtu aliyenunua ndani ya siku tatu amelipa kabla hajajua chochote. Alichokipima ni matangazo, ni jina, ni kumbukumbu ya Arceus iliyokuwa imewafurahisha wengi miezi kumi nyuma. Milioni 10 za siku tatu haziwezi kuwa ushahidi kwamba gemu ni nzuri, na kwa sababu hiyo hiyo haziwezi kuwa ushahidi kwamba wanunuzi walifumbia macho ubovu. Walikuwa hawajauona.

Namba inayonisumbua zaidi ni ile iliyofuata. Kufikia tarehe 31 Desemba 2022 mauzo yalikuwa yamefika nakala milioni 20.61. Yaani katika wiki kama sita ziliuzwa milioni 10 nyingine, na wakati huo video za wahusika wenye mikono iliyorefuka kama mpira zilikuwa zimeenea kila kona ya intaneti. Desemba ni mwezi wa zawadi, na mzazi anayemnunulia mtoto hasomi mijadala ya fremu. Hilo nalikubali. Lakini siamini kwamba mamilioni yote hayo ni ya wazazi wasio na habari. Wako walioziona video zile, wakasikia rafiki anayecheza akisema hawezi kuiacha, wakamsikiliza rafiki. Huyo rafiki ndiye ninayetaka aeleweke, kwa sababu alichokipata ni kitu halisi.

Kwa zaidi ya miaka ishirini, gemu kuu za Pokémon zilikuwa barabara. Unatoka mji wa kwanza kwenda wa pili, na ukitaka kuchepuka utamkuta mtu amesimama katikati ya njia kwa kisingizio chochote, au mti mdogo usiopitika mpaka upate beji fulani. Ramani ilikuwa kubwa, miguu ilikuwa imefungwa. Paldea, nchi ya kubuni iliyochorwa kwa mfano wa Hispania na Ureno, iliivunja barabara hiyo. Baada ya utangulizi wa shuleni unaachiwa geti wazi, ukiwa na Koraidon au Miraidon wa kupanda, pamoja na hadithi tatu za kufuata kwa mpangilio unaoutaka: jimu nane, yaani kumbi za kushindania beji, majitu matano, yaani Pokémon wakubwa kupita kawaida, na ngome tano za genge la Team Star. Ukitaka, zifuate zote kwa kuruka kutoka hii hadi ile. Ukitaka, zisahau zote uende kutafuta kilicho nyuma ya mlima.

Na nyuma ya mlima kweli kuna kitu. Pokémon hawakurukii tena kutoka kwenye nyasi bila kuonekana. Wapo mbele yako, kila mmoja kwa ukubwa wake. Kundi la Lechonk linazurura kwenye majani, Flamigo wamesimama kandokando ya maji, na Tandemaus ni wadogo kiasi kwamba unaweza kumgonga mmoja kabla hujamwona. Hata Pokémon wenye rangi adimu hawatangazwi. Kwenye Arceus kulikuwa na mlio na mmeto wa kukuita. Hapa hakuna, ni rangi tu, wakati mwingine tofauti ndogo sana. Wengi wamelalamikia jambo hilo, na kwa wanyama wadogo nawaelewa. Lakini ndilo lililowafundisha wachezaji kutazama. Unasimama juu ya jabali, unalipekua bonde kwa macho, na ukimwona yule mmoja asiyefanana na wenzake, umemwona wewe, hukuoneshwa.

Hadithi nayo imesemwa kidogo mno kwenye ukosoaji wote niliousoma. Arven, mwanafunzi mwenzako, anatafuta mimea mitano ya dawa, na mwanzoni anaonekana kijana mkorofi anayependa kupika. Kisha unamwona Mabosstiff, mbwa wake aliyejeruhiwa vibaya, amelala pangoni hawezi kusimama. Kila jitu unalolishinda linaleta mmea, kila mmea unaingia kwenye mkate ambao Arven anauandaa kwa mikono yake, na kila mkate unamrudishia mbwa uhai kidogo. Wakati huo huo mimea hiyo hiyo inampa nguvu mnyama unayempanda: anajifunza kuogelea, kupaa, kupanda kuta za mawe. Kadiri mbwa anavyopona, ndivyo dunia inavyozidi kukufungukia. Huo ni uandishi wa gemu wa hali ya juu, kwa sababu huruma na uhuru vimefungwa kwenye fundo moja, na mchezaji anauhisi bila kuelezwa.

Team Star vilevile. Gemu zilizopita zilizoea magenge ya wahalifu wanaotaka kuitawala dunia au kuibadilisha. Hawa ni wanafunzi walioonewa na wenzao, wakaungana ili wawakabili waonevu, na waonevu walipoondoka shuleni lawama ikabaki kwao. Mkuu wa shule, Clavell, analazimika kujigeuza mwanafunzi kwa nywele za bandia ili ajue kilichotokea kweli. Ni kichekesho, halafu si kichekesho tena pale anapogundua kwamba watu wazima ndio walioshindwa kuwalinda. Na unapoteremka Area Zero, shimo kubwa katikati ya Paldea, pamoja na Arven, Nemona na Penny, wanafunzi wenzako watatu waliotoka kila mmoja kwenye njia yake, mazungumzo yao njiani yana uzito ambao mfululizo huu haukuwa umeufikia kabla. Asiyefika huko simharibii. Nasema tu kwamba aliyeishia kwenye video za mikono mirefu hajaiona gemu.

Uhuru wenyewe una shimo, na hapa wakosoaji wananishika. Jimu hazibadiliki kulingana na nguvu zako. Katy wa Cortondo ana Pokémon wa leveli 14 na 15, Grusha wa mlima Glaseado ana wa 47 na 48, ufike kwao lini, ufike na nani. Ukienda kwa Grusha mapema unapondwa, na hilo si baya; kupondwa kunakufundisha urudi baadaye. Ubaya uko upande wa pili: ukichelewa kwenda kwa Katy, kiongozi mzima wa jimu anaisha kwa mapigo matatu, na ushindi wake hauna ladha. Kwa hiyo njia iko wazi, lakini kuna mpangilio uliofichwa ndani yake ambao gemu haikuambii. Nyumba nyingi za mijini hazina milango inayofunguka, na maduka mengi ni orodha tu inayojitokeza ukigusa mlango. Wahusika wanafumbua midomo bila sauti, kwenye matukio yanayolilia sauti. Hayo yote ni maamuzi, na maamuzi hayasingiziwi mashine.

Swali la mashine ndilo lililochukua miaka mingi kujibiwa vizuri. Watetezi walisema Switch ni ya 2017 na imechoka. Wakosoaji wakajibu kwamba gemu nyingine, Zelda: Breath of the Wild, ilitoka siku ile ile Switch ilipozinduliwa, ikiwa na dunia pana na nzuri. Wakosoaji walikuwa sahihi zaidi. Lakini ukiufuatilia mfano wao hadi mwisho, unakupeleka mahali pengine kuliko walikokusudia. Zelda iliyofuata, Tears of the Kingdom, ilipangwa 2022, ikaahirishwa, ikatoka Mei 2023, miaka sita baada ya ile ya kwanza. Nani angeiahirisha Pokémon? Kizazi kipya cha Pokémon hakiji peke yake. Kadi za kuchezea za Scarlet na Violet zilianza kuuzwa Japani Januari 2023, na katuni mpya yenye wahusika wapya ikaanza Aprili mwaka huo. Wanasesere, mashindano, matangazo, vyote vimefungwa kwenye tarehe moja. Game Freak ilitoa gemu mbili kubwa ndani ya miezi kumi ya 2022 kwa sababu msafara mzima ulikuwa unaisubiri.

Ndiyo maana hasira iliyoelekezwa kwa wachezaji walioipenda ilikosea njia. Hawakuipanga kalenda. Walipewa kazi ya watu wenye mawazo makubwa waliokosa muda, wakayapenda mawazo, na wengi wao, wakiulizwa, walilalamikia fremu kwa sauti ile ile ya wakosoaji. Mtu anaweza kukasirishwa na kitu anachokipenda, tena hasira hiyo ndiyo yenye uchungu zaidi.

Jibu la mashine lilipatikana Juni 2025. Switch 2 ilipotoka, Scarlet na Violet zikapata sasisho la bure, na gemu ile ile ikaanza kwenda hadi fremu 60 kwa sekunde. Ziwa la Casseroya likatulia. Watu wa mbali wakatembea kama watu. Hadithi haikuguswa, ramani haikuongezwa hata jabali moja, lakini wachezaji walioiacha 2022 walirudi na kukiona kile ambacho wenzao walikuwa wakikisema. Jimu bado hazipimi nguvu zako, nyumba bado hazifunguki, midomo bado haina sauti. Lakini kasoro iliyokuwa imefunika zote ilipoondoka, mizani ilibadilika, na haikubadilika kuelekea kwa waliosema kwamba hakuna kitu.

Wakosoaji nao hawakutoka mikono mitupu. Mwaka 2024 ulipita bila gemu kuu mpya ya Pokémon wala nyongeza ya kulipia ya gemu kuu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 2015, na Legends: Z-A ikaja tarehe 16 Oktoba 2025 ikiwa imetulia zaidi hata kwenye Switch ya zamani. Naamini kelele za 2022 zilisaidia kuununua muda huo, na nawashukuru waliozipiga. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba Z-A imejifungia ndani ya mji mmoja, Lumiose, wenye kuta ambazo madirisha na roshani zake mara nyingi ni picha iliyobandikwa tu. Kama watengenezaji wamesoma malalamiko ya Paldea kuwa ni ombi la dunia ndogo, wameyasoma vibaya. Hakuna aliyelalamika kwamba Paldea ilikuwa pana. Tulilalamika kwamba haikupewa miaka miwili zaidi, na kizazi kijacho kinahitaji vyote viwili: ule upana, na jimu zinazojua umefika ukiwa na nani.