Kulinda fukwe za Dar es Salaam: la kuiga Uholanzi na la kuwaachia wenyewe

Sisi Watanzania tunaoishi Uholanzi huulizwa mara kwa mara na jamaa zetu kwa nini wataalamu wa huku wasialikwe kujenga kuta za bahari kuanzia Kigamboni hadi Kunduchi, ilhali nchi hii, ambayo takriban robo ya ardhi yake imo chini ya usawa wa bahari, imefaulu kuyazuia maji. Swali hilo ni la haki, lakini linadhani kwamba Waholanzi hutegemea zaidi saruji. Hapa Den Haag ninakoishi, kinga ya kwanza ni mchanga. Tangu mwaka 1990 sera ya taifa ni kwamba mstari wa pwani usirudi nyuma ya ulipokuwa mwaka huo. Pwani hupimwa kila mwaka, na panapopungua, meli huchota mchanga kutoka sakafu ya Bahari ya Kaskazini na kuumwaga ufukweni au jirani yake. Mwaka 2011, kusini kidogo ya mji huu, zilimwagwa mita za ujazo milioni 21.5 mahali pamoja, kisha mawimbi, mikondo na upepo vikaachiwa kazi ya kuzisambaza. Matuta magumu yapo, ila kule Katwijk, kwa mfano, tuta limefukiwa ndani ya vilima vya mchanga na huwezi kuliona.

Sababu ya kuchagua hivyo inaeleweka hata kwa asiye mhandisi. Ukuta hulinda kilicho nyuma yake. Wimbi likiugonga hurudi na kuchimba mchanga ulio mbele, hata ufukwe ukashuka na maji ya bamvua yakaufikia ukuta wenyewe. Matuta ya mawe yanayoelekea baharini nayo hukusanya mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili. Kunduchi inayajua haya kuliko mtu yeyote wa huku: hoteli kadhaa zilijijengea matuta, kila moja kwa ajili ya ufukwe wake, wakati kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini bila kujali mipaka ya viwanja, na jirani wa mbele ndiye aliyelipa gharama.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba mchanga wa fukwe zile huletwa na mito midogo kama Tegeta na Mbezi, na humo humo ndimo malori yamekuwa yakiuchota kwa ajili ya ujenzi. Waholanzi hutumia fedha nyingi kuipelekea pwani mchanga. Sisi tunaiondolea ule inaoletewa bure, kisha tunatafuta wafadhili wa ukuta.

Sishauri tuige meli zao. Gharama yake ni ya kila baada ya miaka michache, bila mwisho, na kuchimba mchanga karibu na visiwa vya Mbudya au Bongoyo kungetibua matope yakatua juu ya matumbawe, ambayo ndiyo yanayovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu, na ambayo tayari yameumizwa na uvuvi wa baruti. La kuiga ni namna ya kuamua: pwani hutazamwa kama kitu kimoja, na hakuna mwenye kiwanja anayejichagulia kinga peke yake.

Kwa hiyo siupingi ukuta wa kando ya Barabara ya Barack Obama, kwa kuwa nyuma yake pana barabara na mji, na hapakuwa na pa kurudi nyuma. Napinga kuufanya kielelezo cha kila mahali. Pale ambapo ardhi bado ni wazi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kuisimamia ni nafuu kuliko mawe. Mikoko ipandwe kwenye hori na midomo ya mito, ambako hustawi. Kuipanda kwenye ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi ya wazi ni kupiga picha tu. Na mwenye hoteli anayeomba kibali cha tuta la mawe aoneshe kwanza, kwa vipimo vya msimu wa kusi na wa kaskazi, litakavyoathiri majirani wa pande zote mbili, na akubali kulivunja kwa gharama yake iwapo fukwe zao zitaanza kuliwa.