Mkasi mmoja wa jeni, hukumu mbili

Novemba 2018, mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mabinti pacha ambao jeni zao alizihariri wakiwa bado viinitete. Alilenga jeni ya CCR5 ili VVU visipate pa kuingilia. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Novemba 2023 Uingereza, na muda mfupi baadaye Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) inayotumia mbinu ileile aliyoitumia He, CRISPR, yaani mkasi wa kukatia jeni. Safari hii ilikuwa shangwe.

Wengi huamua kesi hizi kwa kipimo kimoja: kutibu ni sawa, kuboresha si sawa. Mpaka huo hausimami. Chanjo humpa mwenye afya njema kinga ambayo hakuzaliwa nayo, na alichokusudia He hakikuwa mbali na hapo.

Tofauti ipo kwenye urithi. Casgevy huhariri seli za uboho za mgonjwa aliyeridhia (tena haigusi jeni ya selimundu yenyewe, huamsha tu himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama), na mabadiliko hayo huishia kwake. Ya viinitete yanaweza kurithiwa na vizazi.

Watetezi wa kuhariri viinitete wanajibu kwamba hakuna mtoto aliyewahi kuombwa ridhaa ya jeni zake, na kwamba kumwachia ugonjwa unaozuilika nako ni kumwamulia. Hoja nzito. Ingenishawishi kama jeni mbovu ingekuwa mbovu popote. Lakini mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Nakala mbili ndizo humwumiza. Naye asiye na CCR5 huelemewa zaidi na virusi vya West Nile. Kufuta jeni katika ukoo mzima ni kuwachagulia vitukuu silaha kabla hatujamjua adui wao.

Wapinzani wa tiba za jeni nao hushikilia hoja ya bei: Casgevy ilitangazwa Marekani kwa dola milioni 2.2, ilhali watoto wengi wenye selimundu huzaliwa Afrika, kusini mwa Sahara. Ni kweli, ila bei hupangwa na watu, na watu wanaweza kuipangua. Kigumu zaidi ni kwamba tiba yenyewe hudai kemotherapi kali na wiki kadhaa hospitalini, mambo ambayo punguzo la bei haliyaondoi. Ndiyo maana watafiti wanaosaka njia ya kuhariri seli za damu kwa sindano, bila kemotherapi, wananipa matumaini kuliko yeyote anayehangaika na viinitete.