Je, Majanga ya Asili ni Sauti ya Mungu? Mvutano Ndani ya Imani ya Wamormoni

Oktoba 2005, wiki chache baada ya Kimbunga Katrina kuipiga New Orleans na kabla tsunami ya Bahari ya Hindi haijatimiza mwaka, Gordon B. Hinckley, aliyekuwa Rais wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake wengi wetu tunawaita Wamormoni, alilizungumzia suala hili katika mkutano mkuu wa kanisa lake. Alisema, tena kwa msisitizo, kwamba hadai hata kidogo kuwa yaliyotokea ni adhabu ya Bwana, na akakumbusha kuwa watu wema wengi, wakiwemo waumini waaminifu, walikuwa miongoni mwa walioumia. Lakini katika hotuba hiyohiyo alisoma sehemu ya 88 ya Mafundisho na Maagano, kitabu cha mafunuo cha kanisa hilo, andiko la mwishoni mwa 1832 linalosema kwamba baada ya ushuhuda wa wahubiri utakuja ushuhuda wa matetemeko ya ardhi, wa ngurumo, na wa mawimbi ya bahari yanayovuka mipaka yake, na hakuficha kwamba maneno hayo yalimkumbusha tsunami na vimbunga vya siku zile.

Mtu wa nje anaweza kuuona huo kuwa ukinzani wa wazi. Mimi sioni hivyo, ingawa nakiri kwamba nafasi aliyojiachia Hinckley kati ya kauli hizo mbili ni finyu sana.

Wanaoshikilia kwamba majanga hutumwa na Mungu wana hoja nzito, na wasiolijua vizuri Kanisa hili huipuuza haraka mno. Kitabu cha Mormoni, wanachokiamini kuwa maandiko matakatifu pamoja na Biblia, hakizungumzii jambo hili kwa mafumbo. Katika sehemu yake iitwayo 3 Nefi, sura ya 8 hadi ya 10, wakati wa kusulubiwa kwa Kristo nchi inatikisika, mji wa Zarahemla unateketea kwa moto, mji wa Moroni unazama baharini, na Moroniha unafunikwa na udongo. Kisha, katika giza la siku tatu, inasikika sauti ya Kristo mwenyewe ikitaja miji hiyo mmoja baada ya mwingine na kusema kwamba ni yeye aliyeiangamiza kwa sababu ya uovu wa wakazi wake, na kwamba waliosalia wamesalia kwa kuwa walikuwa wenye haki zaidi. Msomaji aaminiye kwamba hayo ni maneno ya Kristo hawezi kusema kuwa Mungu hahusiki kamwe na tetemeko la ardhi. Zaidi ya hayo, sehemu ya 43 ya Mafundisho na Maagano, ya Februari 1831, inayahesabu matetemeko, mvua za mawe, njaa na tauni miongoni mwa sauti ambazo Mungu amewaita nazo wanadamu, na sehemu ya 59 inasema kwamba Mungu huchukizwa na wale wasioukiri mkono wake katika mambo yote. Neno “yote” halina mlango wa nyuma.

Hata hivyo, vitabu hivyohivyo vina upande wa pili. Katika Alma sura ya 14, sehemu nyingine ya Kitabu cha Mormoni, wanawake na watoto walioamini wanatupwa motoni mbele ya macho ya wahubiri Alma na Amuleki. Amuleki anaomba watumie uwezo wa Mungu kuwaokoa, naye Alma anajibu kwamba Roho anamzuia. Muda si mrefu baadaye, katika sura hiyohiyo, ardhi inatetemeka, kuta za gereza zinaanguka na kuwaua watesi, huku Alma na Amuleki wakitoka salama. Mungu asiyeuzima moto uliowateketeza watoto ndiye anayeitikisa ardhi kuwatoa wahubiri wawili. Sijui maelezo yoyote yanayolainisha jambo hilo, na nadhani mwandishi wa simulizi hiyo hakukusudia kulilainisha. Kinachobaki wazi ni kwamba usalama wa mtu si kipimo cha haki yake.

Joseph Smith mwenyewe, mwanzilishi wa Kanisa hili, alifundisha hivyo mwaka 1839, muda mfupi baada ya waumini wake kufukuzwa Missouri na wengi wao kushikwa na homa katika makazi mapya ya Illinois. Alisema ni wazo la uongo kudhani kwamba Watakatifu wataepuka hukumu zote huku waovu wakiteseka, na kwamba si halali kusema fulani ametenda dhambi kwa sababu ameshikwa na ugonjwa au kifo. Spencer W. Kimball, aliyekuja kuwa Rais wa Kanisa, aliuliza mwaka 1955 kama ni Bwana aliyeielekeza ndege mlimani ikaanguka. Alikubali kwamba Bwana angeweza kuzuia, lakini hakudai kujua kwa nini hakuzuia.

Kuna pia msingi wa kiteolojia unaowatofautisha na Wakristo wengine. Katika mafundisho yao, Mungu hakuumba ulimwengu kutoka katika utupu; aliipanga maada iliyokuwapo tangu milele. Kwa wanafalsafa kadhaa wa Kimormoni, hili linafungua uwezekano kwamba mwendo wa mabamba ya dunia, unaosababisha matetemeko, ni sehemu ya hali ya ulimwengu na si amri ya kila siku. Kitabu cha Musa, andiko lao jingine lisilo katika Biblia, sura ya 7, kinamwonyesha Mungu akilia juu ya watoto wake hata anapojua kwamba gharika itawaangamiza. Lakini tusisahau kwamba katika sura hiyo gharika ni yake, na anayelia ndiye anayeileta.

Udhaifu wa waumini wa kawaida, kwa maoni yangu, uko katika kutaja mkono wa Mungu pale panapofurahisha tu. Simulizi maarufu ya 1848 inasema shakwe walikuja kuwala nyenje waliokuwa wakiharibu mazao ya walowezi wa bonde la Salt Lake, na shakwe hao wamejengewa mnara wa kumbukumbu. Ni nani aliyewatuma nyenje? Swali hilo huulizwa mara chache. Tarehe 18 Machi 2020, tetemeko la ukubwa wa 5.7 lilipoitikisa Salt Lake City na tarumbeta ya sanamu ya malaika Moroni kuanguka kutoka juu ya hekalu, baadhi ya waumini waliona ishara, wengine wakatania tu. Wakati huo hekalu lilikuwa tayari limefungwa kwa ukarabati, ambao sehemu yake kubwa ni kuweka chini ya msingi mfumo wa kulikinga dhidi ya matetemeko. Kanisa linalojenga hivyo linajua jiolojia ya mahali lilipo, na halioni kwamba kujikinga na tetemeko ni kuipinga sauti ya Mungu.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti ya maana. Katika 3 Nefi, maangamizi hayajisemei yenyewe. Ni sauti inayoyafasiri, na bila sauti hiyo walionusurika wangebaki gizani wakiomboleza tu. Mafundisho yao, kwa hiyo, yanamruhusu mwamini kusema kwamba Mungu anaweza kunena kwa tetemeko, lakini hayampi ruhusa ya kusema tetemeko hili lilimlenga nani. Msimamo huu una gharama yake, kwa sababu sauti isiyoeleweka humwonya nani? Hinckley hakulijibu swali hilo. Hotuba yake ilihamia kwenye ushauri wa kuweka akiba ya chakula na ya fedha kidogo, na sidhani alikuwa akikwepa: sehemu ya 1 ya Mafundisho na Maagano inasema kwamba Bwana alimwita Joseph Smith kwa kuwa aliyajua maafa yatakayowapata wakazi wa dunia, na mwenye kujua litakalokuja si lazima awe ndiye aliyelituma.