Mzee Akikosea Mwaka, Usimkatize

Ukikaa na bibi au babu kurekodi historia ya ukoo, kishawishi kikubwa ni kumsahihisha. Atasema alioa kabla ya vita, nawe umeshaona cheti kinachoonyesha ni baada. Naomba uunyamazie huo mwaka. Cheti hakitakimbia. Lakini mzee akishahisi anasahihishwa kama mwanafunzi, atakujibu kwa tahadhari mpaka mwisho.

Mwaka 1949, katika mji wa Terni nchini Italia, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, Luigi Trastulli, aliuawa polisi walipokabiliana na waandamanaji waliopinga nchi yao kujiunga na muungano wa kijeshi wa NATO. Miaka mingi baadaye mtafiti Alessandro Portelli alipowahoji wenyeji, wengi walisema aliuawa 1953, wakati wafanyakazi walipoachishwa kazi kwa wingi na ghasia zikazuka mitaani. Portelli hakuyaita hayo usahaulifu tu. Aliona kwamba watu walikuwa wamekipeleka kifo hicho pale kilipokuwa na maana kwao.

Ndani ya familia ni vivyo hivyo. Shangazi anayesema mdogo wake alifariki mwaka ule waliohama, hata kama tarehe hazikubaliani, huenda anakueleza jinsi misiba miwili ilivyomwingia kama mmoja. Hapo usiulize tarehe. Muulize usiku ule walilala wapi, nani alipika, nani aliwaambia watoto. Kisha nyamaza, na ukae na huo ukimya hata ukikuelemea. Mara nyingi jambo zito hutoka baada ya mtu kutazama pembeni na kuvuta pumzi.

Masahihisho yako yaandike kwenye daftari, kwa jina lako na tarehe, ila sauti yenyewe usiikatekate. Simu inatosha kurekodia, mradi iwe karibu naye na mbali na redio. Weka nakala sehemu zaidi ya moja. Na umuulize nani aruhusiwe kusikiliza. Akisema sehemu fulani isisikike angali hai, isisikike.

Ndugu wawili wakisimulia msiba mmoja kwa namna mbili, wahoji kila mmoja peke yake na uhifadhi masimulizi yote mawili. Usiwakutanishe ili wapatane kwanza: mwenye sauti kubwa atashinda, na masimulizi ya yule mpole hutayapata tena.