Mtoto ana kadi mbili za bima, itangulie ipi?

Usiku ule mwanangu wa pili alikuwa anachemka. Nimempakata kwenye benchi la mapokezi, dada wa dirishani akaniuliza, "Mama, bima yako au ya baba yake?" Mimi ni mwalimu, mtoto yumo NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kupitia kwangu. Baba yake yuko kampuni binafsi, na huko nako kaandikishwa. Nikatoa kadi zote mbili. Akanirudishia: "Chagua moja." Nikachagua ya baba yake. Dawa moja ikawa haimo, nikailipa taslimu. Ile nyingine, ninayoikatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi na mwajiri akiongeza 3 yake, haikuguswa.

Hapa Dodoma familia kama yetu ni nyingi: mmoja mtumishi aliyehamia na serikali, mwenzake yuko shirika au kampuni. Tunaandikisha watoto pande zote tukiamini tumewakinga mara mbili, bila kujua nani anaanza kulipa na nani anamalizia.

Marekani wameliwekea jambo hili utaratibu. Mtu mzima huanza na bima ya kazini kwake, ya mwenza ikafuata. Mtoto aliye kwenye bima za wazazi wote wawili hufuata siku zao za kuzaliwa: ambaye siku yake inatangulia katika mwaka, kwa mwezi na tarehe, bima yake ndiyo hulipa kwanza. Umri hauhesabiwi. Mimi ni wa Machi, mume wangu wa Novemba. Kwa hesabu hiyo kadi yangu ingeanza, ingawa yeye ni mkubwa kwangu. Siku zikigongana, hutangulia bima ambayo mzazi amekaa nayo muda mrefu zaidi. Walioachana hutazamiwa amri ya mahakama kwanza. Kisha bima ya pili huangalia kilichobaki, na zote pamoja hazizidishi gharama yenyewe.

Tarehe ya kuzaliwa haihusiani na homa ya mtoto, najua. Lakini haimpendelei mume wala mke, haiulizi mshahara wa nani mnono, na mama aliyepakata mgonjwa haachiwi kubahatisha saa sita za usiku. Kwangu hilo linatosha kuipenda.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote hapa hapa mjini, Novemba 2023. Wanaoandaa fomu za kujiandikisha, serikalini na kwenye kampuni, nawaomba waweke sentensi moja tu ya Kiswahili cha kawaida: mtoto mwenye kadi mbili, hii itaanza, ile itafuata.

Nyumbani tumeshakaa tukapanga. NHIF humpa mchangiaji nafasi ya mwenza na wategemezi wanne. Mbili zangu zilikuwa wazi miaka yote, huku wazazi wangu kule Kondoa wakiuza mbuzi kila sukari ya baba inapopanda. Fomu zao nimezipeleka Jumatatu.